AC, chaja, choo ndani: nyota mbili kwa basi la Njombe–Dar na dawati lake la malalamiko

Nyota mbili kati ya tano. Mwezi uliopita ningetoa moja, na hiyo moja ningeitoa kwa sababu tulifika wazima.

Jina la kampuni silitaji. Barua zimeshafika zinakotakiwa kufika, zina namba na mihuri, na shauri lilipofikia sitaki kulirudisha nyuma kwa kutupiana maneno. Siti na AC nitazigusia, lakini hasa nataka kusema habari ya lile "Dawati la Huduma kwa Wateja, saa 24" lililochapwa nyuma ya tiketi yao. Nimekuwa mteja wa dawati hilo kwa siku 41, na nadhani sasa nalijua kuliko wanaolikalia.

Mimi ni karani wa masjala kwenye halmashauri, mwaka wa 19 huu. Kwa wasiojua: barua ikiingia ofisini inaanzia kwangu. Naigonga mhuri wa kupokelea, naiandika kwenye rejista, naipa namba ya folio, naiweka kwenye jalada lake, ndipo inapanda kwa mkubwa. Mtu akija baada ya miezi mitatu akasema "nilileta barua", namuuliza kwanza nakala yake iko wapi. Wengi hawana. Walileta kwa mkono, wakaiacha mezani, wakashukuru, wakaondoka. Nimeona watu wenye haki yao kabisa wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya fotokopi ya shilingi 100. Nayasema mapema ili msishangae huko mbele nikianza kuzungumzia mihuri kama mtu anayezungumzia chakula.

Mama yangu ana miaka 71. Ana kisukari tangu 2011, presha ikafuata, na kati ya vidonge vyake kimo kile cha kupunguza maji mwilini. Anayekitumia, au anayeishi na anayekitumia, anajua: haja ndogo haisubiri mtu. Kila baada ya miezi kadhaa tunashuka Dar kwa kliniki ya Muhimbili, na kutoka Njombe ni safari ya kutwa, kilomita kama 700. Siku ya safari mama hakimezi kile kidonge, na tangu jioni ya kuamkia safari anaacha kunywa maji. Daktari amemkataza. Anafanya hivyo hivyo, na nikiangalia kwenye basi naona siyo yeye peke yake. Angalieni akina mama wazima wanaokataa maji kuanzia Makambako mpaka Chalinze, mtadhani wamefunga.

Ndiyo maana nililichagua basi hili. Bango lao stendi linasema AC, CHAJA KILA SITI, CHOO NDANI. Nilimuuliza dada wa tiketi mara mbili, hicho choo kipo kweli au ni cha kwenye bango? "Kipo mama, pale kwenye ngazi za mlango wa kati." Nikalipa Sh 94,000 kwa siti mbili, jirani kabisa na huo mlango.

Ya basi niyamalize haraka. Siti nzuri, zinalala vizuri. AC inafanya kazi, ingawa AC ya nini Makambako saa 1 asubuhi, sijui. Chaja yangu iliwaka, ya mama haikuwaka. Soda moja na biskuti kwa kila abiria; maji ya bure hakuna, na mwenye kisukari soda hanywi, kwa hiyo mama aliambulia biskuti ambazo nazo hakula. Dereva ni mzuri, nasema kwa haki. Mlima Kitonga alishuka kwa gia nzito, nyuma ya malori, bila kumpita mtu konani, na hakuna aliyetaja jina la Mungu kwa sauti.

Sasa choo. Makambako tulisimama stendi, mama akashuka akaenda, akarudi. Tulipofika Mafinga akataka tena, nikampeleka kwenye zile ngazi. Mlango wa choo ulikuwa na kufuli. Nasema kufuli, ile ya kufungia duka. Konda akaja. "Kibovu, bibi. Tutachimba dawa Ilula."

Kuchimba dawa. Walioutunga msemo huu walikuwa watu wenye staha, walimpa mtu namna ya kutaja haja yake mbele ya abiria 50 asione haya. Konda yule aliutumia mara tatu siku ile.

Ilula tulisimama kula, dakika 15. Choo cha akina mama kilikuwa na foleni, Sh 300 mlangoni, na mama anatembea na fimbo. Tulikuwa tumebakiza watu wawili mbele yetu honi ikaanza. Nilimwambia mama tusiende, tusubiri, hawawezi kutuacha. Akasema wataondoka na mizigo yetu. Tukarudi.

Ruaha Mbuyuni basi lilisimama tena. Nikanyanyuka, nikamwinua mama. Mlango haukufunguliwa kwa abiria. Konda na mwenzake walishuka kwa mlango wa mbele, wakapakia magunia matatu ya vitunguu kwenye buti. Niliangalia saa kwa mazoea tu ya kazi: saa 6 na dakika 12 tulisimama, saa 6 na dakika 21 tukaondoka. Dakika tisa. Nilipogonga kioo akanijibu kutoka nje, "Hapa siyo kituo, dada. Mtachimba dawa Mikumi."

Mikumi mjini tukapita. Kulikuwa na basi lingine la Songea nyuma yetu likitukimbiza, na nafikiri ndiyo sababu. "Msamvu, bibi. Msamvu mtachimba dawa wote." Na baada ya Mikumi mjini, wanaoijua njia hiyo wanajua, unaingia hifadhini: kama kilomita 50 za matuta, mwendo wa 70, na mabango ya faini za kugonga wanyama. Pale konda alikuwa na haki ya kukataa. Humteremshi mtu katikati ya nyati. Lakini sisi hatukuanza kuomba hifadhini. Tulianza kuomba Mafinga.

Mama akamwita. Akamwambia kwa sauti ya chini, na kwa heshima, kwamba mwanangu mimi ni mgonjwa, nisaidie hicho choo hata kama ni kibovu. Konda akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka siti za nyuma: "Bibi, safari ndefu watu wanajipanga. Si ungevaa pampasi?"

Walicheka watu watatu au wanne. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi.

Sikumjibu. Nimejiuliza sana kwa nini sikumjibu. Mimi ofisini nimewahi kumkatalia mkuu wa idara jalada la siri, mbele ya wageni wake. Pale nilikaa kimya nikiangalia kichogo cha dereva. Baada ya muda abiria wa upande wa kushoto wakaanza kuonyeshana twiga, watoto wakasimama juu ya siti, na wakati huo mama akanishika mkono akafumba macho, nikajua imeshatokea. Nilivua khanga yangu nikamfunga.

Msamvu tulimbadilisha nguo. Tuliporudi kwenye basi konda alikuwa amesimama kwenye siti yetu. Sh 10,000 ya kusafisha siti.

Hapo ndipo karani akaamka. Nikamwambia nitalipa, lakini nataka risiti. Akacheka. Nikamwambia, mdogo wangu, hii ni pesa ya kampuni au ni yako? Kama ni ya kampuni ina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kama ni yako, niandikie kwamba ni yako. Watu wakaanza kugeuka kutuangalia, dereva akapiga honi, konda akakunjua karatasi mfukoni, akaandika kwa nyuma kwa peni ya bluu: "kusafisha siti 10,000 imelipwa", tarehe, na saini kama mkia wa mjusi. Nikalipa. Karatasi ile niliiweka ndani ya daftari la kliniki la mama, na tulipofika Mbezi ndipo nikaigeuza nikaona upande wa pili ilikuwa nini. Ilikuwa risiti ya kifurushi ya kampuni hiyo hiyo. Boksi moja, Makambako–Dar, Sh 8,000, na chini yake mtu ameandika kwa mkono neno moja: "chooni".

Basi. Dawati.

Siku ya kwanza nilipiga simu. Mara tatu iliita mpaka ikakata. Ya nne alipokea kijana, akanisikiliza kama dakika moja, akasema "andika WhatsApp, mama, huku kuna kelele". Nikaandika. Tiki mbili za bluu, na ujumbe uliojituma wenyewe: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Utahudumiwa hivi punde." Hivi punde hiyo ilichukua siku sita, na kwenye siku hizo sita walinitumia tangazo la punguzo la nauli za Mbeya.

Kwa hiyo nikaamua kuandika barua. Tulikuwa tumefikia kwa mdogo wangu, Kimara. Mama alikuwa hataki. "Achana nao. Aibu ni yangu, unataka kuipeleka ofisini ikasomwe?" Nilimwelewa, maana hilo ndilo linalowanyamazisha wengi: huwezi kulalamika bila kusema ulichofanyiwa, na ulichofanyiwa ndicho hicho usichotaka mtu akijue. Nikaiacha siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe akakaa mezani nilipokuwa nakunywa chai, akasema, "Haya, iandike. Lakini unisomee."

Nikaandika kwa namna ninayoijua. Anuani zote mbili, tarehe, K.K.: Meneja wa Kituo, YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MHUDUMU WA BASI NAMBA FULANI, na "Husika na somo tajwa hapo juu". Aya ya kwanza tiketi, siti, tarehe. Aya ya pili bango na choo. Ya tatu magunia ya vitunguu na dakika tisa. Hasira nilizitoa zote, na kuzitoa kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika, kwa sababu najua barua za hasira zinavyoishia. Mkubwa anajibu hasira, hoja anaiacha. Nilipofika aya ya nne nikakwama. Nikaandika: "Mama yangu alipatwa na changamoto ya kiafya akiwa kwenye siti." Nikamsomea.

"Changamoto gani?"

Nikabadilisha: "alishindwa kujizuia."

"Kujizuia nini? Kulia?" Akavuta kikombe chake. "Andika nilijikojolea. Ndicho kilichotokea. Ukiwaandikia changamoto watakujibu changamoto."

Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, na katika miaka yote niliyokaa masjala sijapata kufundishwa kitu cha barua kwa ufupi namna ile. Niliandika alijikojolea. Aya nzima ikawa na mistari miwili.

Nikatoa nakala tatu. Risiti ya konda nikaipiga picha pande zote mbili nikaambatisha, halisi nikabaki nayo. Halisi haitoki mkononi mwako, hata mtu akuombe kwa upole kiasi gani.

Ofisi yao ya Mbezi iko pale stendi kuu, Magufuli. Ni chumba chenye dirisha la tiketi, kaunta, na mlango wa ndani ambao meneja yuko nyuma yake. Mapokezi kulikuwa na binti, kwa kumkadiria miaka 22 au 23. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikampa barua na nakala yangu nikamwomba anigongee mhuri wa kupokea. Sauti ya meneja ikatoka ndani: "Mwambie aache hapo." Binti akanitazama. Nikasema nitaiacha, ila nakala yangu naomba igongwe. Sauti ikasema hawana utaratibu wa kugonga barua za abiria.

Nikamwambia binti, taratibu tu, nitakaa. Kuna benchi, nikakaa. Yeye akaanza kuisoma barua, nadhani kwa kukosa la kufanya. Nilimwona anapofika aya ya nne, kwa sababu aliacha kutafuna. Hakusema kitu wala hakuniangalia. Alivuta droo, akatoa mhuri, akaupuliza, akaugonga kwenye nakala yangu, akaandika tarehe na saini pembeni, akanisukumia. Kisha akanyanyuka akaipeleka barua ndani.

Jibu lilikuja siku ya 23. Sisi tulikuwa tumesharudi Njombe. (Kurudi, mama alikataa katakata kupanda basi Mbezi. Tulipanda treni ya umeme, SGR, mpaka Morogoro, Sh 13,000 kila mtu, halafu ndipo tukaunganisha. Treni ina choo kinachofunguka. Mama alikwenda mara mbili, na ile ya pili naamini alikwenda kwa kupenda tu.)

Jibu lenyewe lilikuwa na mistari mitano, na mstari unaobeba yote ni huu: "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, na tunakuahidi huduma bora zaidi."

Nimepokea sentensi hiyo ofisini kwangu mara nyingi sana, kutoka idara ya maji, kutoka kwa wazabuni, kutoka kwetu sisi wenyewe kwenda kwa wananchi. Kwa kweli nimewahi hata kuichapa. Lakini sikuwahi kuisoma nikiwa upande wa pili. Uliojitokeza! Kujitokeza ni kazi ya ukungu. Ukungu wa Njombe ndio unaojitokeza, unaamka asubuhi unaukuta mlangoni na hakuna aliyeuleta. Usumbufu wetu uliletwa. Una saa, una kilomita, ulivaa shati la bluu lenye nembo ya kampuni, na uliandika risiti. Katika mistari ile mitano hamkuwa na choo, hamkuwa na kufuli, hamkuwa na Sh 10,000, na mama yangu alikuwa amegeuka "mteja wetu mpendwa".

Nikaandika ya pili. Fupi. Nikiirejea barua yenu ya tarehe fulani, naomba kujibiwa: choo cha basi lile kilifungwa lini na kwa sababu gani, ile Sh 10,000 imeingia kwenye kitabu gani cha kampuni, na neno "chooni" kwenye risiti yenu ya kifurushi maana yake nini. Chini nikaweka: Nakala, LATRA, ofisi ya mkoa.

Hapa niwaambie wasiojua, maana nimegundua hata watumishi wenzangu hawajui. LATRA ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Iliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 ikarithi upande wa nchi kavu wa iliyokuwa SUMATRA; mambo ya meli yakawa ya TASAC. Ndio wanaotoa leseni za mabasi na kupanga nauli, na leseni ndiyo kitu pekee ambacho mwenye basi anakiogopa kuliko trafiki. Kando yao liko baraza la kuwasemea abiria, LATRA CCC. Na asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka ana pa kukata rufaa, Baraza la Ushindani. Kwenye mabasi mengi kuna stika yenye namba ya bure inayoanza na 0800. Kwenye basi letu ilikuwepo, juu ya mlango wa kati, nusu imefunikwa na pazia. Mimi nilianza na kampuni kwanza kwa sababu huo ndio utaratibu, mtoa huduma apewe nafasi ya kujirekebisha, na kwa sababu ukienda kwa mdhibiti ukiwa na barua iliyogongwa mhuri na jibu la "uliojitokeza", huhitaji kueleza sana.

Nilikwenda mwenyewe na nakala. Ofisa alikuwa kijana mtaratibu. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwamba naweza kulia. Aliuliza vitu vinne: tiketi, namba ya gari, siti, saa. Tiketi ilikuwa ya mtandao, ina vyote hivyo, na hapo niliushukuru ule mfumo ambao siku zote nilikuwa nikiulalamikia. Nilipomtajia saa 6 na dakika 12 mpaka 21 akainua kichwa. Akauliza, una uhakika na hizo dakika? Nikamwambia ni kazi yangu. Akaandika. Mabasi haya yana kifaa cha VTS kinachoonyesha gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, limesimama wapi na kwa muda gani. Watu wanakijua kama kitu cha kumkamata dereva anayekimbiza gari. Hawakumbuki kwamba kinarekodi na kusimama pia.

Kilichoongelewa kati ya ofisi na ofisi sikijui na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba siku ya 37 simu ya mama iliita. Meneja mwenyewe. Mama aliweka spika, nikasikia yote. Aliongea kwa adabu, shikamoo mama, pole mama, tumekosea mama. Mama akaitikia. Kisha meneja akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba yule kijana wameshamwachisha kazi.

Mama akakaa kimya kidogo. "Nani kakuambia nataka afukuzwe?"

"Mama, ni kwa kosa alilolifanya..."

"Mimi nilitaka kufunguliwa choo."

Meneja akarudia kwamba kijana hayupo tena, mama asiwe na wasiwasi. Mama akamuuliza, "Na vile vifurushi, navyo mmevifukuza?" Hapo nikatoka nje nikacheke.

Lakini hapo ndipo penye neno langu kubwa kwa kampuni hii, na ndiyo sababu nyota hazipandi zaidi ya mbili. Konda alikuwa na mdomo mchafu, na mdomo ule ni wake, sitamtetea. Ila kufuli hakuinunua yeye. Kifurushi kile kilipokelewa ofisini Makambako, kikakatiwa risiti ya ofisi, kikalipiwa Sh 8,000, na mtu wa ofisi akaandika kitakaa wapi. Siti mbili walituuzia kwa bango la choo, halafu choo chenyewe wakakiuza mara ya pili kwa mwenye boksi. Kijana alikuwa analinda mzigo alioagizwa kuulinda. Kumfukuza kulichukua siku moja. Kunijibu swali la choo kumechukua barua mbili, mdhibiti, na siku 41.

Siku ya 41 barua yao ya pili ilifika. Hii sasa ni barua. Inasema mhudumu "alimnyima abiria mgonjwa huduma ya choo na kumtolea lugha isiyofaa". Inasema choo "kilikuwa kikitumika kinyume cha utaratibu kuhifadhi vifurushi". Inasema Sh 10,000 "ilitozwa isivyo halali" na imerejeshwa. Ilirejeshwa kweli, kwa simu, ingawa kutoka kwa namba ya mtu binafsi badala ya akaunti ya kampuni, nami nimewaandikia kuuliza kwa nini. Nauli hawakuigusa. Sikuidai, tulifika. Wengine mtaona nilikosea hapo, na pengine ni kweli.

Mama alitaka asomewe ile aya ya choo mara mbili. Akaikunja akaiweka kwenye daftari la kliniki, mahali ilipokaa ile risiti. Nilimwambia ile ni halisi, inatakiwa kwenye jalada. Akaniambia jalada ni lake.

Wiki iliyopita jirani yetu alisafiri na basi lilelile, nikamtuma aangalie. Kufuli haipo. Ndani hakuna maboksi. Maji ya kunawia hakuna, na taa haiwaki, lakini mtu anaingia na kutoka. Kwa hilo wangeweza kupata nyota ya pili, ila tayari ina mwenyewe. Ni ya yule binti wa Mbezi. Nilipopita pale mara ya mwisho kaunta ilikuwa na mtu mwingine, na nilipomuulizia nikaambiwa amehamishiwa tawi jingine, hawakusema lipi. Nakala yangu ninayo. Wino wa zambarau, tarehe inasomeka, saini imeandikwa pembeni kwa herufi za mtu aliyetoka shule juzi.